Dawa ya mvi? Unauziwa rangi, mwanangu!

 

Leo nimeamua kulivalia njuga suala la mvi. Usikimbilie ukurasa wa michezo ukidhani ni mambo ya wazee. Nasema na wewe kijana wa miaka 24, 25, ambaye asubuhi ukijitazama kwenye kioo unaona kitu cheupe juu ya sikio, unakinyofoa fasta kabla dada yako hajakiona. Kesho yake unakiona kingine. (Kwa taarifa yako, kunyofoa hakuziongezi kama bibi zetu wanavyosema, ila ukizidisha unaharibu shina na hapo hapaoti tena.)

Siku hizi ukipita soko la Tandika au kituo cha Makumbusho hukosi kuikuta spika inayojirudia kama kasuku: mafuta ya asili, yanarudisha weusi wa nywele, wiki mbili tu! Chupa Sh 15,000. Ukiuliza ndani kuna nini unaambiwa kitunguu maji, habasoda, mlonge, mafuta ya nazi na "siri ya babu". Juzi nilisimama kwa mmoja wao. Alikuwa kavaa kofia ya Yanga, nikamwomba aivue. Lahaula! Kichwa chote cheupe kama kilele cha Kibo. Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Mganga hajigangi, mdogo wangu." Watu wakaangua kicheko, na wawili wakanunua hapo hapo. Hapo ndipo pananishinda.

Ngoja nikupe darasa la bure, japo mwenzio biolojia niliiaga kidato cha nne. Unywele unaouona kichwani umeshakufa, sawa na ukucha. Kiwanda kiko chini, ndani ya ngozi. Huko kuna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini na kuipakia kwenye unywele ungali unajengwa. Seli hizo zikichoka au zikiisha, unywele unaendelea kutoka kama kawaida, lakini mweupe. Chukulia kiwanda cha khanga, kama Urafiki ya enzi zile, mashine ya rangi imekufa ila ya kufuma bado inapiga mzigo. Kitambaa kitatoka, kitupu. Sasa wewe unaikamata khanga iliyoko mwilini mwa mtu, unaipaka kitunguu, ukitegemea mashine ya kiwandani ipone! Mafuta ya nazi yatalainisha nywele na kuzing'arisha, sikatai. Mvi itang'aa. Itabaki mvi.

Usidhani wanaoliwa ni watu wa Tandika peke yao. Mwaka 2009 wanasayansi wa Ujerumani na Uingereza walieleza kwamba kwenye nywele zinazoota mvi hujilimbikiza hidrojeni peroksaidi, ile ile ambayo saluni wanaitumia kufubaza nywele, kwa sababu kimeng'enya cha kuivunja kimepungua. Wajanja wa Marekani wakachangamkia tenda. Wakaanza kuuza kimeng'enya hicho ndani ya vidonge, meza asubuhi, ujana urudi. Mei 2015 tume ya serikali ya huko, FTC, ikayabana makampuni matatu kwa kutangaza kwamba vidonge vyao vinageuza mvi bila ushahidi wa kisayansi. Vidonge vya dola, lakini wimbo ni ule ule wa spika ya Tandika.

Kuna na ile aina ya kupaka kila siku, mvi zinafifia taratibu mpaka jirani hashtuki. Watu wengi waliiamini kwa sababu haionekani kama rangi. Kumbe kwa miaka mingi baadhi ya dawa hizo zilikuwa na kemikali ya madini ya risasi, jamaa yake risasi iliyomo kwenye betri ya gari. Marekani waliiruhusu rasmi mwaka 1980, wakaamua kuifuta mwaka 2018. Weusi ule ulikuwa wa risasi kushika kwenye unywele.

Naomba nieleweke, sisemi mvi haijawahi kurudi nyuma. Mtu akipungukiwa vitamini B12, au tezi ya shingo ikimsumbua, anaweza kuota mvi mapema, na akitibiwa mara nyingine rangi inarudi. Hayo yanajulikana kwa kupima damu hospitali, wala hayapimwi kwa kukutazama kisogo kituoni. Na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwachunguza watu 14 unywele mmoja mmoja. Mmoja wao, nywele zake tano ziligeuka nyeusi tena wakati alipokuwa likizo. Nywele tano! Sasa nenda kamwambie Mhindi wako wa Kariakoo kwamba unaomba likizo kwa ajili ya nywele tano.

Kwa wengi wetu sababu kubwa ni ukoo. Kama baba aliota mvi akiwa na miaka 25, wewe subiri zamu yako tu. Madaktari kwa sisi Waafrika wanahesabu mvi kuwa za mapema zikitokea kabla ya miaka 30. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye miaka 34 na mvi sita, huna lolote, umekua.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Nina mshikaji wangu wa Mtoni, miaka 26, mvi zimemjaa upande mmoja. Makonda wanamwita mzee, anapishwa siti kwenye daladala na wanafunzi. Alinunua chupa tatu za yale mafuta, Sh 45,000 zikaenda. Mwezi mzima hola. Ilipobaki siku mbili kwenda kujitambulisha ukweni Tandale, akaingia kwa kinyozi wa uchochoroni apakwe kanta. Kanta yenyewe haikuwa na boksi wala maandishi, imekorogwa kwenye kifuniko cha ndoo, inapakwa kwa mswaki mkuukuu. Ilikuwa mara yake ya tatu kupaka, zile mbili za mwanzo hakupata shida. Usiku huo kichwa kikamuwasha, alfajiri macho yamefungana, uso umevimba kama andazi. Tulimbeba kwa bajaji hadi zahanati. Akachomwa sindano, na daktari akamwambia kama uvimbe ungeshuka kooni tungekuwa tunaongea mengine. Safari ya ukweni ikaahirishwa, mshenga akatunga uongo wa malaria.

Mchawi hapo ni kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD, imo kwenye kanta nyingi nyeusi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiwekea kikomo, isizidi asilimia 2 ikifika kichwani. Mwili unaweza kuivumilia mara ya kwanza na ya pili, halafu ukaizira. Na dada zangu wa kicheni pati, hili linawahusu kuliko mnavyodhani. Ile piko nyeusi tii inayokauka haraka mara nyingi imetiwa kanta hiyo hiyo. Ukichorwa mikononi mwili ukaizira, hata miaka ikipita, siku ukipaka kichwani uso unaweza kukulipuka. Hina yenyewe halisi hutoa rangi ya wekundu wa kahawia. Ukiona nyeusi kama lami, uliza kilichochanganywa.

Ukitaka kupaka, paka, kichwa ni chako. Ila nunua yenye boksi na maelezo, na ujaribu tone nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, zamani vilikuwa TFDA, kwa hiyo ukiuziwa kitu kisicho na jina una pa kukipeleka. Na uwe tayari kurudia, maana nywele zinakua karibu sentimita moja kwa mwezi, wiki mbili tu mashina meupe yanachungulia.

Mshikaji wangu siku hizi ananyoa kipara, kila Jumamosi, Sh 2,000. Ukweni walimpokea vizuri, akala pilau mpaka akafungua mkanda. Wakati wa kuaga mama mkwe akamvuta mshenga pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama hicho kipara ni cha ukoo.