Gamba la Dawa Nalo Lina Kazi

Katika nyumba zetu hapa Old Korogwe, na si huku peke yake, mtoto au mzee akishindwa kumeza kidonge cha rangi mbili, gamba hufunguliwa, unga ukamiminwa katika uji, gamba likatupwa kama ganda la ndizi. Tungependa wazazi walitazame upya jambo hili.

Wengi hudhani gamba ni la kuficha uchungu tu. Dhana hiyo ina asili yake, kwani Wafaransa Mothes na Dublanc, waliopata hataza ya kapsuli ya jelatini mwaka 1834, walikusudia kuficha ladha mbaya ya dawa. Lakini chukueni omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo. Ndani ya kapsuli yake aghalabu mna punje ndogondogo, na kila punje imevikwa utando usioyeyuka katika tindikali ya tumbo. Utando hustahimili hadi utumbo mwembamba, ndipo dawa ikaachiwa. Punje zikisagwa, tindikali huiharibu dawa njiani, na mgonjwa hulalamika kwamba dawa haifai. Doksisaiklini nayo hubabua umio ikikwama kooni. Humezwa kwa maji mengi, mtu ameketi wima, wala asilale papo hapo.

Ipo kapsuli iliyotengenezwa ili ikatwe: ile ya vitamini A wanayopewa watoto wetu kliniki, ya buluu kwa wa miezi 6 hadi 11, nyekundu kwa waliotimiza mwaka. Mhudumu hukata ncha na kukamulia matone kinywani. Basi kabla ya kufungua kapsuli yoyote, aulizwe mfamasia. Huenda ipo dawa hiyohiyo ya maji.

Aulizwe pia jelatini imetokana na nini, maana hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Maulamaa wamehitilafiana iwapo kugeuka kwa dhati yake kunaitoharisha, na mjadala huo si wa safu hii. Kapsuli za selulosi ya mimea zipo.

Elimu hii ya kufunika dawa imepita hapa kwetu kwa namna kubwa zaidi. Kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Kiungo kimoja cha kuamsha kinga katika chanjo hiyo hutokana na gome la mti wa Chile. Kikiwa peke yake hupasua chembe nyekundu za damu. Kikitiwa katika vifuko vya mafuta vyenye kolesteroli, vidogo visivyoonekana kwa macho, ukali huo hutulia na kazi yake ikabaki. 

Kinga haikuwa kamili: waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, walipungukiwa na malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka ipatayo minne. Hata hivyo, tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike. Watoto wale wa Korogwe sasa ni vijana.