Mbinga na Nyasa: Nani Aandikwe Kwenye Kibao?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale endapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo hulindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza. Kwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Kaole mpaka huo hauna tatizo, kwani yalikuwa yamekwisha kuzeeka karne nyingi kabla yake. Kwa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mpaka huohuo unaiacha nje karibu historia yote iliyojengwa kwa tofali. Misheni ya Kigonsera ilianza mwaka 1899, ya Litembo mwaka 1914, na maghala ya ushirika wa kahawa yalikuja baadaye zaidi. Mbele ya sheria, vyote hivi ni majengo ya juzi.

Jambo hili lina haraka. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, bandari mpya inajengwa, na ardhi iliyo kando ya lami haikai muda mrefu bila mnunuzi. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, bado inajipanga. Kinachovunjwa sasa hakitajengwa tena, na halmashauri isiyo na orodha ya kumbukumbu zake haiwezi hata kujua imepoteza nini.

Vilivyo katika mikono salama ni vile vyenye taasisi nyuma yake. Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986, lina Kanisa Kuu la Mtakatifu Kilian, jina linalokumbusha udugu wake na Jimbo la Würzburg huko Ujerumani, na linaendesha Hospitali ya Litembo. Waanglikana wana Hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli, mahali alipofia mwaka 1928 Arkidikoni William Percival Johnson, mmisionari aliyezunguka vijiji vya ziwani kwa miaka mingi akiwa karibu kipofu. Makanisa yameyatunza majengo yake, na yanastahili shukrani. Lakini kumbukumbu za misheni huwataja mapadri na maarkidikoni kwa majina, huku waliofinyanga na kuchoma matofali, na akina mama waliobeba maji ya kukandia udongo, wakiitwa waumini tu.

Hapo Liuli ndipo suala hili linapoonekana waziwazi. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa jinsi mwamba wake ulivyofanana machoni mwao na lile sanamu kubwa la Misri. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliingia humo na kuishambulia Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imetangazwa. Akakamatwa. Waandishi wengi wa Ulaya wamekisimulia kisa hiki kama kichekesho, kwa kuwa manahodha hao walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja.

Kwa watu wa Ruvuma hapakuwa na cha kuchekesha. Vita iliyobisha hodi asubuhi ile ilidumu hadi Novemba 1918, na katika miezi yake ya mwisho jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka tena Mto Ruvuma na kupita Songea likijilisha kwa nafaka za wanavijiji. Pande zote mbili ziliwakokota watu kubeba mizigo, nao wakafa kwa njaa na kuhara damu zaidi kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: askari na wapagazi wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa popote. Kibao chochote kitakachosimama Liuli kikataja meli mbili na manahodha wawili peke yao kitakuwa kimelirudia kosa hilohilo.

Songea wamefanya vizuri zaidi. Kaburi la mashujaa wa Majimaji walionyongwa Februari 1906 lina makumbusho yake na maadhimisho ya kila mwaka, na Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda pale kuomba msamaha. Watu wa Litembo nao wana simulizi zao za mapambano na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na za mapango walimojificha babu zao. Simulizi hizo zinakaa vichwani mwa wazee. Kila msiba wa mzee unaondoka na sura nzima ya historia.

Hata hivyo, kama ningeulizwa kumbukumbu kuu ya Umatengo ni ipi, ningeelekeza kidole kwenye mteremko wa shamba. Ngoro ni mashimo ya mraba yanayofunika mlima mzima: nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati na kufukia nyasi hizo, yakabaki matuta yanayolizunguka kila shimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuteremka na rutuba, na nyasi huozea chini ya maharage na mahindi. Wamatengo waliokimbilia milimani wakati wa mashambulizi ya Wangoni walipata chakula kwenye miteremko mikali kwa ufundi huu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa ya jembe, imefanywa na wanawake, na hakuna hata mmoja aliyejengewa mnara.

Ngoro haiwezi kuzungushiwa uzio. Mkulima akikatazwa kubadili shamba lake kwa ajili ya watalii, atakuwa amedhulumiwa. Na shamba lisilolimwa miaka michache hurudi kuwa pori. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kama urithi wa kilimo wa dunia. Ngoro inastahili heshima hiyohiyo, ikifuatana na bei nzuri ya maharage na maofisa ugani wanaoufundisha ufundi huu kwa vijana.

Wapo watakaosema zahanati na maji vitangulie. Wana haki, na sidai hata shilingi moja itoke huko. Kuandika orodha hakuhitaji mkandarasi. Afisa utamaduni, walimu wa historia na wazee wa kata wanaweza kuifanya kazi hiyo: mapango ya Litembo, Jiwe la Mbuji, bandari ya Liuli, maghala ya enzi za Ngomat, chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, na makaburi ya machifu. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na maeneo machache yenye uzito zaidi yanaweza kupelekwa kwa waziri ayatangaze, kama sheria inavyoruhusu.

Wengine watahoji kwa nini tuhifadhi alama za mkoloni. Nadhani zihifadhiwe, kwa sharti kwamba maelezo yake yaandikwe na wajukuu wa waliobebeshwa mizigo, kwa Kiswahili, na pale inapowezekana kwa Kimatengo na Kinyasa.

Madiwani wa Mbinga na Nyasa, iwekeni ajenda hii kwenye kikao chenu kijacho cha baraza. Waiteni wazee wa Litembo na Liuli wakae mezani, na majina watakayoyataja yaandikwe kwenye muhtasari wakiwa bado hai kuyataja.