Neno la Mhariri: Chombo, Mizani na Mavuno Yapoteayo Njiani

Toleo hili limetengwa kwa habari za matunda, mboga na mazao ya mizizi, tangu saa yanapochumwa au kung'olewa hata yanapofika mikononi mwa mlaji, na zaidi kwa habari za fungu lile ambalo halimfikii mlaji kabisa. Kabla msomaji hajaziingia makala zenyewe, naomba ruhusa ya kutanguliza hoja moja, ambayo si kila mwandishi wa toleo hili atakubaliana nayo: kwamba sehemu kubwa ya hasara inayotupata baada ya mavuno imetokana na vyombo tunavyopakilia mazao na desturi tunayoifuata katika kuyapima na kuyalipia, kuliko ilivyotokana na joto la nchi yetu au ujinga wa mkulima, ambayo ndiyo mashtaka mawili yaliyozoeleka vinywani, na maadamu asili ya ugonjwa iko hapo, tiba yake haina budi kuanzia hapo, kabla ya mtambo wowote wa kuagizwa ng'ambo.

Takwimu zinazotajwa katika mlango huu ni kubwa, na yapasa zitumiwe kwa hadhari. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikisia kwamba theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu, yaani kiasi cha tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au hutupwa, na kwamba kwa matunda, mboga na mizizi kisio hilo hupanda likawa baina ya asilimia 40 na 50. Mwaka 2019 shirika lilo hilo likatoa hesabu nyingine, kwamba asilimia 14 ya chakula chote hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika katika maduka ya rejareja: kiasi cha asilimia 25 kwa mizizi pamoja na mazao ya mafuta, na kiasi cha asilimia 22 kwa matunda na mboga. Msomaji asidhani kuwa hasara ilipungua kwa nusu katika miaka minane; hesabu ya kwanza ilijumlisha hata chakula kinachomwagwa jikoni, na ya pili ikaishia mlangoni pa duka. Viongozi wa Afrika walipokutana Malabo mwaka 2014 waliahidi kuipunguza hasara ya baada ya mavuno kwa nusu ifikapo mwaka 2025, na mwaka huo ulipowadia wakakutana Kampala wakaahidi nusu tena, safari hii ifikapo mwaka 2035. Ahadi hiyo ni njema, walakini serikali zetu huhesabu tani zilizovunwa shambani na aghalabu hazihesabu tani zilizofika sokoni, na nusu ya kitu kisichopimwa haina mtu awezaye kuidai.

Tunda lililochumwa, jani lililokatwa na kiazi kilichong'olewa ni vitu ambavyo bado vina uhai. Huvuta hewa, hutumia sukari iliyomo ndani yake, hutoa joto na mvuke, navyo havina tena shina wala mzizi wa kuvirudishia vinachopoteza. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, mwendo wa kuharibika huongezeka mara mbili au hata tatu, na kila mchubuko huizidisha pumzi hiyo na kuufungulia ukungu mlango. Baadhi ya matunda, kama vile embe, ndizi na nyanya, huendelea kuiva baada ya kuchumwa, na wazee wa Mwambao waliijua siri hiyo kabla ya kuwako maabara, ndipo wakavumbika ndizi na maembe. Tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ikizuiliwa mahali palipofunikwa huyahimiza mengine yaive. Hewa hiyo hiyo inayomsaidia mwenye kuvumbika humhasiri msafirishaji, kwa kuwa nyanya moja iliyopondeka ndani ya chombo kilichofunikwa huziharakisha zote zilizo jirani nayo.

Natuliangalie tenga la nyanya kwa karibu, kwa kuwa ndani yake imo karibu habari yote ninayotaka kuieleza. Nyanya zinazotoka Ilula, katika mkoa wa Iringa, huteremka mlima wa Kitonga, hupita Mikumi na Morogoro, na kusafiri zaidi ya kilomita 400 hata kuyafikia masoko ya Dar es Salaam. Tenga lenyewe husukwa kwa fito au mianzi, hutandikwa majani makavu, hujazwa nyanya mpaka ukingoni, kisha huongezwa nyingine juu ya ukingo hata likafanya kichuguu, ndipo likafunikwa majani na kushonwa kwa kamba. Matenga hupangwa moja juu ya jingine ndani ya lori, na vichuguu vya chini ndivyo vinavyobeba matenga ya juu. Linapofunguliwa sokoni, nyanya za juu huwa nzima na zinang'aa. Mkono ukizama hadi kiwiko, vidole hukuta unyevu. Na chini kabisa hukutwa rojo jekundu lililofanya utando mweupe wa ukungu, ilhali zile za ubavuni kila moja ina alama ya ufito ulioichoma njia nzima.

Mtu aweza kuuliza ni kwa nini wafanyabiashara, ambao si wajinga wa faida yao, wanavumilia chombo cha namna hiyo. Jawabu ni kwamba malipo ya njiani hufuata hesabu ya chombo: mkulima hulipwa kwa tenga, mwenye lori hutoza nauli kwa tenga, ushuru hukatwa kwa tenga, na dalali huchukua fungu lake kwa tenga. Palipo na desturi hii, kila nyanya inayoongezwa juu ya ukingo ni mali ambayo mnunuzi ameipata bila ya kuilipia na ambayo haitozwi nauli wala ushuru, na zile zinazopondeka chini huzihesabu kuwa zimekwisha fidiwa na zile za kichuguu. Kwa hivyo uzito ule ule uliochukuliwa bure kwa mkulima ndio unaoziua nyanya za chini, na mkulima huwa amelipia hasara ambayo hakuiona na ambayo haikuandikwa katika daftari lolote. Naiita dhuluma, na naiita israfu vilevile, kwa sababu chakula hicho hakikumnufaisha hata yule aliyekichukua.

Lumbesa ina asili hiyo hiyo. Gunia la viazi mviringo, vitunguu au kabichi lililojazwa na kuongezewa kilemba juu huwa zito kiasi ambacho wachukuzi hawawezi kulitua taratibu, basi huliangusha. Na kiazi kilichoangushwa hakionyeshi jeraha lake siku hiyo, hulionyesha baada ya siku kadhaa kikiwa kimekwisha uzwa. Sheria ya Vipimo ya Tanzania inaikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo umekabidhiwa kazi ya kuisimamia. Kenya nayo, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Hata hivyo lumbesa ingalipo, kwa maana mkulima aliye peke yake shambani, mbele ya mnunuzi mwenye lori na jua likielekea kuchwa, hana nguvu ya kuidai sheria: mazao yakilala, yamekwisha. Nguvu hiyo ataipata akisimama na wenzake penye kituo cha kukusanyia mazao na mizani inayoaminiwa na pande zote mbili.

Wako wanaosema kwamba kreti la plastiki, ambalo hubebana na mwenziwe kwa kingo zake bila ya kuyakandamiza yaliyomo, limejaribiwa na kuachwa kwa sababu ni ghali na halina budi kurudishwa tupu, ilhali tenga hutupwa likaisha. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini kreti huwa ghali pale ambapo malipo ni kwa chombo, kwa kuwa halina kichuguu, na mnunuzi haoni kilichomlazimu kuacha cha bure. Malipo yakiwa kwa kilo ya nyanya nzima iliyofika, gharama ya kulirudisha huweza kulipwa na zile nyanya ambazo zamani zilikuwa rojo.

Wala sivipingi vyumba vya baridi. Ninachokipinga ni fikira ya kwamba chumba kimoja kikijengwa wilayani na kutiwa kila kitu, mambo yatakuwa yametengenea. Kabichi na karoti hupenda baridi iliyokaribia nyuzi 0; ndizi ikiwekwa chini ya nyuzi 13 ganda lake hugeuka kijivu na tunda lisiive vema, na embe na nyanya ambazo hazijaiva nazo hudhurika kwa baridi kali. Kwa mahitaji madogo ziko njia nyepesi, kama kuta mbili za matofali zilizotiwa mchanga wenye maji katikati, zilizobuniwa na wataalamu wa India, au vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, ambavyo Mohammed Bah Abba aliwafundisha wakulima wa Nigeria ya kaskazini. Njia hizi hutegemea maji kukauka hewani, kwa hiyo Dodoma na Singida, ambako hewa ni kavu, zitafaa, na Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, zitafaa kidogo mno. Nami huona si insafu kumuuzia mtu wa pwani tumaini hilo.

Habari ya muhogo ni mbali na hizo, na inastahili kuelezwa kwa kituo. Zao hili lililoletwa na Wareno kutoka Brazil lilipata kwetu ghala lililo bora, nalo ni ardhi: shina huachwa shambani mwaka mzima na zaidi, mtu akachimba kadiri ya chungu cha siku ile. Ukishang'olewa, hauna subira tena. Ukate mzizi uliong'olewa juzi, utaona chini ya ganda mishipa myembamba ya rangi ya samawati iliyokoza hata kukaribia weusi, na ladha imegeuka. Mambo hayo hutukia katika siku mbili au tatu, tena huanzia pale jembe lilipokwaruza au shingo ilipokatwa. Uharibifu huu wa kwanza hauletwi na vijidudu. Ni mzizi wenyewe unaolijibu jeraha lake, kwa hiyo usafi pekee hauuzuii. Kung'oa kwa upole, kuuacha mzizi na kipande cha shina lake, na kuufukia katika mchanga au maranda yenye unyevunyevu huuchelewesha. Kiazi kitamu ni tofauti: kikiwekwa siku chache mahali penye joto na unyevu, vidonda vyake hufunga na ngozi yake ikawa ngumu, na hudumu.

Ghala hilo la ardhini nalo limepata adui. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, ulikaa miaka mingi zaidi katika nchi za pwani kabla ya kuenea bara katika karne hii. Majani huweza kuonekana karibu mazima ilhali ndani ya mzizi mna madoa makavu yasiyoliwa, na mkulima hajui mpaka amemenya. Anayeuogopa hung'oa mapema, mizizi ingali midogo, na uzito alioukosa kwa kukosa kungoja hakuna mtakwimu anayeuandika kuwa ni hasara.

Elimu ya kuhifadhi si ngeni katika nchi hizi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali pamoja na achari za ndimu, pilipili na embe mbichi zilizotiwa siki na chumvi, naye akazieleza katika kitabu cha safari zake. Makopa ya muhogo yanajulikana pwani nzima. Wasukuma hukata viazi vitamu na kuvianika vibichi vikawa michembe, au huvichemsha kwanza wakapata matobolwa, na chakula hicho huwavusha kiangazi. Iliyobaki ni kazi ya kuipa elimu hiyo usafi, vipimo na soko. Kwa embe kazi hiyo ina haraka, kwa sababu msimu wake hujaa kwa ghafula na bei ikaanguka, na kwa sababu nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyeonekana pwani ya Kenya mwaka 2003, hutaga ndani ya tunda likiwa bado mtini. Ni nzi huyo aliyeifanya Kenya isimamishe yenyewe kupeleka embe Ulaya mwaka 2014, na soko hilo halikufunguliwa tena mpaka mwaka 2021.

Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao ndizo zenye uwezo wa kuanza, na gharama yake si kubwa: ushuru ukatwe kwa kilo, mizani iwekwe mlangoni pa kila soko la jumla, na kilichotupwa jalalani kila jioni kipimwe na kuandikwa. Nanyi wasomaji, wakulima, madereva, madalali na wachuuzi, tunawaomba mpime mzigo mmoja unapoondoka na mzigo huo huo unapofika, mtuandikie jina la zao, aina ya chombo, njia uliyopita, saa za safari, uzito wa mwanzo na uzito wa kilichouzika. Kurasa za toleo lijalo zimetengwa kwa hesabu zenu.