MKUU MPYA WA MAENDELEO YA JAMII: AANZE NA MITAA, HOTELI ZITAMSUBIRI!



Ndugu zetu katika imani, wazazi na vijana wa Bujumbura,

Habari ya taasisi ya kheri ya kanda kututangazia mkuu mpya wa maendeleo ya jamii si ngeni kwetu. Hutajwa shahada zake, hutajwa nchi alizofanyia kazi, nasi tunapiga makofi. Kisha yanafuata tuliyoyazoea: semina hotelini, tende za Ramadhani, mabegi ya shule yenye nembo, picha pamoja na mayatima. Miaka mitatu ikipita mradi umekwisha, mkuu kahamishiwa nchi nyingine, na yatima yule wa kwenye picha amekaa nyumbani. Ada ya shule ya msingi ilifutwa Burundi mwaka 2005, lakini sare na madaftari bado ni mzigo wa mama yake.

Sisi tunasema: safari hii tuulize kwanza, makofi baadaye.

Tueleweke vizuri. Hatuna ugomvi na mshahara wa mtu. Katika Suratut Tawba, aya ya 60, Allah (S.W.T.) ametaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na wanaoitumikia zaka ni fungu mojawapo. Kwa hiyo anayefanya kazi hii kula kwa kazi yake ni haki yake. Lakini tazameni ametajwa pamoja na nani: mafukara, masikini, wenye madeni. Yumo katika orodha moja nao. Vipi basi awe bwana wao, wa kungojwa mlangoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri?

Na tukumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokelewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya sadaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata. Hesabu ya mtumishi wa mali ya umma ilisemwa hadharani, juu ya mimbari. Leo sisi tukiuliza hesabu tunaambiwa tuna husuda!

Wapo watakaosema: taasisi kubwa inahitaji mtu wa Kifaransa na Kiingereza, anayejua kuandika ripoti za wafadhili. Sawa, ripoti zina kazi yake. Lakini kuandika ripoti mtu hufundishwa kwa miezi michache. Kuaminiwa na akina mama wa mtaa hakufundishwi semina.

Mfano tunao hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie, kwa kuwa watoto wao walikuwa wanabaki nyuma shuleni. Taasisi ya Aga Khan ilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kazi hiyo ilishikwa na mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Alikwenda kwa wazazi na walimu wa madrasa, akaketi nao, akasikia hofu yao kwamba elimu ya dunia itawapokonya watoto dini yao. Mpango uliotokea uliweka Qur'ani na maandalizi ya shule chini ya paa moja. Jamii ilitoa mahali, ikaunda kamati yake, na akina mama wa hapo hapo wakafundishwa ualimu. Vifaa vya kuchezea watoto vilitengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbegu na visoda. Mwaka 1990 mpango ukaingia Zanzibar, mwaka 1993 ukaingia Uganda, na shule zaidi ya 200 zimepita katika mikono yake. Zilisimama kwa sababu wenyeji walizihesabu kuwa ni zao.

Jee, Bujumbura tumekosa nini? Buyenzi ina mafundi magari wanaofundisha vijana kazi bila cheti wala ufadhili. Baada ya Oktoba 1993, jirani alipomwinda jirani, Buyenzi iliwahifadhi Wahutu na Watutsi pamoja. Soko Kuu lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, aliyejua ni mjane yupi amebaki na deni la bidhaa zilizoungua alikuwa jirani yake. Maarifa haya hayamo katika faili la ofisi yoyote. Yamo barazani, yamo msikitini baada ya laasiri, yamo kwa akina mama wanaouza ndagala.

Kwa hiyo mkuu yeyote ajaye, awe mwanamume au mwanamke, tunamtaka haya:

1. Miezi mitatu ya mwanzo asifungue mradi wowote. Atembee Buyenzi, Bwiza, Kinama na Kamenge, asikilize kwa Kiswahili na Kirundi.

2. Akina mama wawemo katika kamati wakiwa na kauli. Kupika chai ya mkutano hakuhesabiwi kuwa ni kauli.

3. Kila robo mwaka hesabu ya faranga zilizoingia na zilizotoka ibandikwe ukutani, mahali ambapo hata asiye Muislamu ataisoma.

4. Kila mradi useme tangu siku ya kwanza nani ataushika mkuu akiondoka.

Sasa tugeuke upande wetu, maana lawama si ya mgeni peke yake. Mgeni akifika, nani humzunguka? Ni wale wale wa safu ya mbele. Orodha ya mayatima huandikwa usiku, na asubuhi mnakuta mpwa wa fulani yumo na mtoto wa mjane hayumo. Wengi wetu tunajua, tunanyamaza kwa kuogopa kuvunja udugu. Wallahi udugu unaolindwa kwa haki ya yatima umekwisha kuvunjika zamani!

Na tukiitaka shule, tutoe kiwanja. Tukiutaka mfuko wa wajane, tuanze kwa mia zetu za faranga kila Ijumaa, ili mgeni akija atukute tumeshasimama, atuongeze nguvu. Anayefika kwa watu waliokaa na mikono wazi hujifunza haraka kuwa bwana wao.

Wazazi, zungumzeni haya na watoto wenu. Na mkuu mpya akialikwa msikitini, asiwepo wa kumzuia mama wa nyuma kabisa kuuliza swali lake.

Allah atupe viongozi wenye amana, na atupe sisi ujasiri wa kuwahesabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.