Katuni za kompyuta: programu ni bure, gharama iko wapi?

Tarehe 2 Machi 2025, filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka Latvia, ilitwaa tuzo ya Oscar mjini Los Angeles. Latvia ni nchi ya Ulaya yenye watu wasiofika milioni 2. Kati ya filamu zilizoshindwa siku hiyo ni Inside Out 2 ya kampuni ya Pixar, iliyogharimu takriban dola milioni 200. Flow iligharimu kama yuro milioni 3.5. Na programu iliyotumika kuitengeneza, Blender, ni ya bure. Mtu yeyote anaweza kuipakua, awe Riga au Rujewa.

Swali linalokuja kwenye simu za kipindi ni moja: je, na mimi naweza kujifunza nikiwa kijijini? Jibu ni ndiyo, lakini kuna bei ambayo watu hawaisemi.

Kwanza tujue bure hii imetoka wapi. Blender ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal. Kampuni yake ilipofungwa mwaka 2002, aliwaomba watumiaji wachange yuro 100,000 ili waliowekeza waiachie programu. Fedha zilitimia ndani ya wiki saba. Tangu Oktoba mwaka huo, sheria ya leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuigawa na hata kuibadilisha. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia Blender kwenye flashi kama siri kubwa, sheria haimkatazi, ila anakuuzia kitu cha bure.

Masomo nayo hayana ada. Walimu wengi ni watu wanaoipenda tu kazi hii, walioko kila pembe ya dunia. Somo maarufu kuliko yote ni la Andrew Price wa Australia kwenye YouTube: mwanafunzi anaunda donati, anaipaka sukari, anaiweka kwenye sahani. (Angekuwa mtu wa huku, tungeanza na andazi, na tundu la katikati tusingehangaika nalo.) Ukikwama, unaweka picha ya kazi yako mtandaoni, unaeleza ulichofanya na kilichogoma, na mtu usiyemjua anakujibu. Anayeandika "nisaidieni, haifanyi kazi" bila kuonyesha chochote hukaa muda mrefu bila jibu. Huko heshima inatokana na kazi uliyoionyesha.

Kazi yenyewe ikoje? Unaunda umbo kwa kuunganisha nukta kwa mistari, kama fundi anavyosuka dema. Ukishalipata umbo la mbuzi, unamtia mifupa ndani ili aweze kukunja miguu. Kisha unaiambia kompyuta: hapa mguu uko chini, nusu sekunde baadaye uko juu. Hatua za katikati inajaza yenyewe, na wewe unarekebisha, maana mbuzi wa kwanza hutembea kama meza.

Hapo ndipo gharama inapoanza. Filamu ina picha 24 kwa kila sekunde. Sekunde 10 ni picha 240. Kompyuta dhaifu ikichukua dakika moja kutoa picha moja, unahitaji saa nne za umeme usiokatika kwa sekunde hizo 10 tu. Matoleo ya karibuni ya Blender yanataka kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 na uwezo mzuri wa picha, na kuipakua tu kunakula zaidi ya megabaiti 300 za bando. Masomo ya video yanakula zaidi, na mengi ni ya Kiingereza.

Mwenye kompyuta ya zamani asikate tamaa. Matoleo ya nyuma bado yapo kwenye tovuti ya Blender, na toleo 2.79 la mwaka 2017 ni jepesi zaidi. Ila angalizo: mpangilio wa vitufe ulibadilika sana toleo 2.80 lilipotoka mwaka 2019. Ukiwa na programu ya zamani, tafuta masomo ya zamani, la sivyo mwalimu atakuambia ubonyeze kitu ambacho kwako hakipo.

Tusidanganyane pia kuhusu Flow. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, alikuwa na miaka 30 alipopokea tuzo, na kabla yake alitengeneza filamu nzima iitwayo Away, ya mwaka 2019, peke yake hadi muziki. Lakini Flow ilikuwa na timu ya Latvia, Ufaransa na Ubelgiji, na wote walilipwa. Kijana anayetegemea kuvuna ndani ya miezi mitatu ataacha njiani. Anayefanya kwa mapenzi huku shamba au duka likimlisha, huyo ndiye ninayemwona akifika, na soko la Kiswahili lipo: Ubongo ya Dar es Salaam inatengeneza katuni za watoto za Kiswahili, na zinaangaliwa nje ya Tanzania pia.

Kwa mwenye simu tu, FlipaClip inakuwezesha kuchora picha moja baada ya nyingine na kuzichezesha. Haiundi maumbo kama Blender, lakini inafundisha lile gumu zaidi, yaani muda: mpira ukidunda, unakaa juu kwa picha ngapi kabla haujashuka. Anza na mpira huo.