Msimbati: mgeni njoo, mwenyeji apone?

 

Kuna swali linanifuata kila mahali siku hizi: kwenye daladala, kwenye harusi, mpaka msibani. Watu wakishajua kwamba mimi ni mtu wa kusini, kwanza wanauliza bei ya korosho. Halafu linafuata lile lenyewe: "Eti kule Msimbati kuna viwanja vya ufukweni? Bei gani? Kuna fursa gani?" Wanaouliza ni vijana wenzangu, wasomi, wana ajira na wana vijisenti walivyodunduliza. Wanataka kuwekeza, na si dhambi. Basi leo nitajibu wote kwa mkupuo. Nitakieleza kijiji kama kilivyo, kwa anayetaka kutembea na kwa anayetaka kuwekeza, kisha nitatoa maoni yangu ambayo najua wengine hayatawapendeza.

Msimbati iko kusini mashariki mwa mji wa Mtwara, mwendo wa kilomita 40 na ushei, unapita Madimba. Ni rasi ya mchanga. Upande mmoja una bahari kuu na upande mwingine Ghuba ya Mnazi. Ukienda kusini zaidi unakutana na mikoko na maingilio ya mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wenyeji ni Wamaraba, Wamakonde na watu wengine wa pwani waliooleana nao miaka mingi. Kazi zao ni uvuvi, minazi, mikorosho, muhogo, na mpunga kwa walio karibu na bonde la mto. Bamvua maji yanapokupwa utawaona akina mama na ndoo zao wakitafuta pweza na chaza kwenye miamba.

Kwa uzuri, sina haja ya kutia chumvi. Mchanga ni mweupe, na bahari inashuka ghafla, hatua chache tu kutoka ufukweni unakutana na kina kirefu. Kasa wanataga huko. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita. Kutoka Dar mpaka Mtwara mjini ni kilomita 560 hivi kwa basi, au panda ndege. Ukiwa njiani kwenda au kurudi pitia Mikindani, mji wa kale ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na ambako boma la Wajerumani la mwaka 1895 limegeuzwa kuwa hoteli.

Mgeni pia aambiwe ukweli. Upande wa pili wa Ruvuma ni jimbo la Cabo Delgado, ambako vita vilianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakakivamia kijiji cha Kitaya, ndani ya Mtwara yetu hii hii. Kwa hiyo kabla ya kwenda maeneo ya mtoni uliza kwanza serikali ya kijiji na vyombo vya usalama. Usiende kwa kubahatisha.

Haya, tuje kwenye uwekezaji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa Mtwara tumepokea wageni wakubwa wasiopungua watatu, na kila mmoja alikuja na ahadi ya kutuponya. Tuwatazame mmoja mmoja.

Mgeni wa kwanza alikuja na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, wakaanzisha mradi wa karanga Tanganyika mwaka 1947. Kwa kusini mashamba yalikuwa Nachingwea. Walileta matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara. Karanga hazikukubali, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na mpaka leo ndiyo inayosafirisha korosho zetu. Mgeni alituletea alichokitaka yeye, akashindwa, akaondoka. Kilichotufaa ni kile ambacho hakikuweza kubebwa.

Mgeni wa pili ni hifadhi. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, bahari pamoja na nchi kavu. Vijiji havikuhamishwa, vimo ndani yake. Kusema kweli hapa palikuwa na sababu: uvuvi wa mabomu ulikuwa unaipasua miamba na kuua samaki wakubwa kwa wadogo. Ila hebu jiweke kwenye nafasi ya mvuvi aliyekatazwa nyavu zake, halafu anaona wageni wanalipa ada getini waje kuangalia bahari ile ile aliyozaliwa nayo. Ndiyo maana nawaambia wanaotembelea: ukishalipa getini usidhani umekilipa kijiji. Kula kwa mama ntilie wa pale, kodi mtumbwi wa pale, chukua mwongozaji wa pale pale.

Mgeni wa tatu ni gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini. Kufikia 2007 ilikuwa inatoa umeme wa Mtwara. Halafu zikaja habari za gesi nyingi baharini na mpango wa bomba la kwenda Dar es Salaam. Mnakumbuka kelele za "gesi haitoki". Desemba 2012 watu waliandamana kwa amani. Januari 2013 zikazuka vurugu, na Mei 2013, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa, mji uliwaka moto, jeshi likaletwa na watu wakapoteza maisha. Bomba lilijengwa, zaidi ya kilomita 500, kiwanda cha kusafisha gesi kikawekwa Madimba, na Oktoba 2015 likazinduliwa.

Mimi si katika wanaosema gesi ilikuwa ya Mtwara peke yake. Gesi ni ya Taifa. Lakini mwenyeji naye aliuliza swali la haki: mimi nabaki na nini? Ushuru wa huduma kisheria unakwenda halmashauri ya wilaya, si kijijini. Ajira za ujenzi ziliisha bomba lilipofukiwa. Na enzi zile za "Mtwara kuchele" walanguzi walijaa, ardhi ikapanda bei, watu wakauza mashamba ya babu zao wakanunua pikipiki. Homa iliposhuka nyumba za wageni zikabaki tupu, na aliyeuza shamba akabaki na pikipiki mbovu.

Sasa mgeni wa nne unataka kuwa wewe, msomaji wangu, na kiwanja chako cha ufukweni.

Ninachokipinga ni lugha. Soma vipeperushi vinavyouza kusini: "ardhi tupu", "fukwe ambazo hazijaguswa", "fursa inayosubiri mwekezaji". Nani kasema ni tupu? Mtu akija mwezi Machi akaona majani yamefunika mikorosho anasema hili pori. Si pori! Mkorosho una kalenda yake. Kupalilia kunakuja baada ya mvua, kupulizia salfa ni kuanzia Mei au Juni, na kuokota ni Oktoba mpaka Desemba. Machi shamba linapumzika kama darasa wakati wa likizo. Ule mnazi uliouona ufukweni nao una mwenyewe, na pengine aliyeupanda ni babu yake. Pale wavuvi wanapoanika nyavu na kuvuta mitumbwi hapana uzio wala kibao, lakini kila mtu anapajua. Ukipazungushia ukuta umefunga njia ya riziki ya kijiji kizima.

Bahati nzuri sheria inasema hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini tu wa ardhi, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka baharini, hapajengwi jengo la kudumu. Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Na Msimbati imo ndani ya hifadhi, kwa hiyo kuna ruhusa nyingine juu ya hizo. Sasa wewe unayetumiwa picha ya kiwanja na dalali, futi chache kutoka majini, na karatasi yenye sahihi ya mtu mmoja na mhuri, unanunua nini hasa? Unanunua kesi.

"Kwa hiyo wewe hutaki maendeleo?" Nalijua swali hili, huwa linanyanyuliwa haraka. Nataka sana. Mtwara haihitaji kufungiwa kama makumbusho, wazee wakae chini ya mnazi wapigwe picha. Vijana wa Msimbati wanataka simu nzuri na nyumba ya bati kama wewe. Tatizo ni nani anakaa mezani biashara inapopangwa.

Chukua korosho. Msimu wa 2017/18 nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 300,000, na Mtwara ndiyo iliyoongoza. Mwaka uliofuata wanunuzi walileta bei ndogo, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamuru serikali inunue zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba. Tukabishana kuhusu bei, tukabishana kuhusu kangomba, tukabishana kuhusu stakabadhi ghalani. Lakini sehemu kubwa ya korosho imeendelea kwenda nje ikiwa ghafi, kubanguliwa India na Vietnam. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 vingi viligeuka maghala. Kilo nne mpaka tano za korosho ghafi zinatoa kama kilo moja ya korosho karanga, ile unayoinunua kwa bei ya kuumiza roho pale uwanja wa ndege. Katikati ya bei hizo mbili ndipo ilipo fursa, wala haihitaji ufukwe. Inahitaji mashine ndogo, vifungashio vizuri, soko la uhakika, na kikundi cha akina mama wenye glavu, maana mafuta ya ganda la korosho yanaunguza mikono.

Au chukua samaki. Mvuvi anarudi alfajiri na hana barafu. Mchuuzi anajua hana barafu, ndiyo maana anataja bei anayotaka yeye. Mashine ya barafu na jokofu la pamoja vingempa mvuvi nguvu ya kusema "nitauza kesho". Au nyumba za wageni: vyumba vitatu vya kawaida, safi, vyenye neti na choo kizuri, nyumba ya mwanakijiji, wewe ukaweka mtaji na masoko, mkagawana mapato kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Havina mbwembwe hivi. Huwezi kumuonyesha mtu picha ukasema "hapa ni kwangu". Lakini mwenyeji anapona na wewe unakula.

Pendekezo langu ni jepesi tu. Kabla halmashauri, kampuni au mtu yeyote hajachapisha maelezo ya kukinadi kijiji cha pwani hii, maelezo hayo yasomwe kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Yawe na sehemu tatu. Tulicho nacho. Kisichouzwa: njia za kwenda baharini, diko, makaburi, mikoko, visima. Na tunachomtaka mgeni alete. Hiyo sehemu ya tatu sijawahi kuiona kwenye kipeperushi chochote. Kila siku tunamwambia mwekezaji atapata nini. Yeye hatumuulizi anakuja na nini, mpaka siku bomba limeshafukiwa.

Kwa hiyo mnaoniuliza bei ya kiwanja Msimbati, mimi sina bei. Nina ushauri. Nendeni kwanza kama wageni. Kaeni siku nne tano, mle wali na pweza, mpige hodi kwa mwenyekiti, muulize mkutano mkuu ujao ni lini. Ukiweza kusimama mbele ya ule mkutano, ukasema unachotaka na utakachotoa, na mabibi wa pale wakakuhoji mpaka wakaridhika, basi karibu kusini. Ukiona aibu kusimama pale, ujue hata mpango wako una aibu.

Naomba kuwasilisha.