Uvira: Chujio la mafuta la boti libadilishwe kwa hesabu ya bidoni, si ya mwaka

Boti inapoondoka Kalundu jioni kuelekea Baraka, abiria huangalia mambo mawili: mzigo umepangwaje, na upepo unatoka wapi. Ni wachache wanaogeuka kutazama nyuma, kwenye moteri, ambako chujio dogo la plastiki lisilozidi kidole gumba limefungwa kwenye mpira wa mafuta. Chujio hilo likiziba, moteri inakohoa, inapoteza nguvu, halafu inazimika. Wa pikipiki, chombo kikimzimikia, anakisukuma pembeni ya barabara na kumwita fundi. Nahodha hana pembeni ya barabara.

Upande huu wa Tanganyika milima inashuka karibu moja kwa moja hadi majini, na kina kinaanza karibu na ufuko. Huko katikati, hata sehemu hii ya kaskazini, kinapita mita 1,000. Hakuna kamba ya nanga ya boti ya abiria inayofika chini huko. Boti iliyozimika haiwezi kusimama ikangoja msaada. Inageuka ubavu, na mawimbi yanaanza kuingia. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, boti iliyojaa watu na magunia haihitaji muda mrefu katika hali hiyo.

Kila ajali inapotokea, mazungumzo hurudi kwenye mambo yale yale: mzigo kupita kiasi, safari za usiku, uhaba wa jile za kujiokoa. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2014, meli ya Mutambala ilipozama katika ziwa hili na kuua watu zaidi ya 120. Ndivyo ilivyokuwa tena Oktoba 2024, boti ya Merdi ilipozama karibu na Goma, kwenye Ziwa Kivu. Mazungumzo hayo ni ya haki na yanapaswa kuendelea. Lakini moteri kuzimika ziwani, jambo ambalo manahodha hulisimulia kama kitu cha kawaida, halipewi nafasi hata kidogo, na dawa yake ni rahisi kuliko zote.

Swali linaloulizwa na wenye boti ni moja: chujio libadilishwe mara ngapi? Vitabu vinavyokuja na moteri, kwa wale waliobahatika kupewa, kwa kawaida vinasema likaguliwe au libadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au mara moja kwa mwaka, lile litakalotangulia. Kwa chujio kubwa linalotenganisha maji na mafuta, wapo watengenezaji wanaoshauri saa 50. Watu wengi hushika neno moja tu katika sentensi hiyo, nalo ni “mwaka”. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mwaka ule ni wa mtu wa Ulaya au Marekani anayetoa boti yake siku za mapumziko ili kuvua samaki kwa starehe. Boti inayokwenda saa 5 na kurudi saa 5, mara 3 kwa wiki, inafanya saa 30 kila wiki. Saa 100 zinatimia kabla mwezi haujaisha. Mwenye boti anayebadilisha chujio mara moja kwa mwaka, akidhani anafuata kitabu, ameruka zaidi ya mara kumi.

Tena vitabu hivyo vimeandikwa kwa kufikiria petroli safi kutoka kituo cha mafuta. Petroli ya Uvira inapita mikono mingi. Inashushwa, inahamishwa kutoka pipa hadi pipa, inauzwa barabarani na akina kadhafi katika chupa na bidoni, na nyingi ya bidoni hizo zilikuwa za mafuta ya kula kabla ya kupewa kazi ya pili. Vita na uhaba wa mafuta upande wa Burundi vimefanya biashara hiyo iwe na haraka zaidi; mnunuzi anayepata bidoni 5 leo hasimami kuuliza zilihifadhiwa wapi wakati wa mvua. Kutu, mchanga na maji huingia njiani, hata pale ambapo muuzaji hakukusudia kudanganya.

Maji ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayaonekani. Ni mazito kuliko petroli, hivyo yanakaa chini ya tangi. Ziwa likiwa tulivu yanabaki pale. Mawimbi yakianza kutikisa boti, yanachanganyika na kuvutwa kuelekea kwenye kabureta. Ndiyo maana moteri iliyowaka vizuri asubuhi bandarini huzimika wakati ule ule upepo unapopanda, na watu husema ni bahati mbaya. Kuchuja kwa kitambaa, kama wengi wanavyofanya, kunazuia mchanga tu. Maji yanapita, na nyuzi za kitambaa zenyewe zinakwenda kuongeza uchafu kwenye chujio.

Kipo kipimo kisicho na gharama. Petroli kidogo kutoka chini ya bidoni iwekwe katika chupa nyeupe na kuachwa itulie kwa muda. Kama kuna maji, yataonekana yamejitenga chini. Nahodha anayefanya hivyo mbele ya muuzaji anaweza kuonekana msumbufu. Avumiliwe. Na masalia hayo yasimwagwe ufukoni, kwa kuwa familia nyingi bado zinachota maji ya kunywa hapo hapo.

Kuhusu muda, hesabu inayofaa Uvira ni saa 50, na moteri nyingi hapa hazina kipimo cha saa. Lakini kila nahodha anajua amechoma bidoni ngapi, kwa sababu hesabu hiyo inahusu fedha. Moteri ya nguvu 40 ikifanya kazi kwa bidii inakula kama lita 15 kwa saa au zaidi. Saa 50 ni lita 750, yaani bidoni 37 za lita 20. Likibadilishwe kila baada ya bidoni 35, hesabu imetosha. Kwa moteri ndogo ya nguvu 15, inayokula kama lita 6, ni kila bidoni 15. Alama zichorwe kwa chaki kwenye ubao wa boti au katika daftari lile lile la abiria. Bidoni moja ikionyesha maji au kutu, hesabu ifupishwe siku hiyo hiyo.

Wapo wanaofunga chujio la pikipiki kwa sababu linapatikana kila duka. Pikipiki haili hata lita 2 kwa saa. Chujio hilo likiwekwa kwenye moteri ya lita 15 linazuia njia hata likiwa jipya. Na katika moteri za stroki mbili, zile ambazo oili inachanganywa ndani ya petroli, mafuta yakipungua oili nayo inapungua. Pistoni inakauka, inapata joto, inakwama. Aliyekuwa akikwepa bei ya chujio, ambayo ni ndogo kuliko bei ya bidoni moja ya petroli, anajikuta akitafuta pistoni.

Dalili huja mapema. Moteri inayoenda vizuri taratibu lakini inashindwa ikiongezwa mwendo, na inayopata uhai nahodha akibana kile kipira cha kusukuma mafuta, inadai mafuta. Kubadilisha buji hakutasaidia. Wengi hubana kipira hadi wanafika, kesho yake wanabana tena.

Ubishi wa kweli, hata hivyo, ni nani alipe. Mwenye boti mara nyingi yuko mjini na hapandi. Nahodha ni wa kulipwa, na akidai chujio kila wiki 2 anaambiwa anataka kula pesa. Kwenye mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mikeke, gharama ya petroli hukatwa kwanza kabla ya mapato kugawanywa, lakini vipuri huachwa vikibishaniwa kati ya tajiri na kundi lake. Chujio lihesabiwe pamoja na petroli, likatwe pale pale, na ubishi uishe. Wavuvi wana sababu nyingine ya kulikumbuka: mpango wa nchi 4 za ziwa hili wa kupumzisha uvuvi unaanza 15 Mei hadi 15 Agosti. Petroli iliyoachwa kwenye tangi miezi 3 inaharibika na kuacha utando unaonata. Siku ya kurudi ziwani, tangi lioshwe na chujio liwe jipya, hata kama la zamani lilifanya kazi wiki 1 tu.

Wakuu wa bandari nao wana nafasi yao. Kabla ya boti ya abiria kuruhusiwa, hukusanywa kodi za aina mbalimbali na kuhesabiwa watu. Kumwomba nahodha aonyeshe chujio la akiba na ufunguo wa kulifunga hakuchukui dakika 2. Aulizwe pia kuhusu moteri ya pili. Boti nyingi zinajivunia kuwa nayo, lakini ikinyonya kutoka tangi lile lile, maji yaliyozima ya kwanza yatazima na ya pili. Bidoni moja iliyopimwa, iliyofungwa vizuri na kutengwa kwa ajili ya moteri hiyo peke yake, iwe sharti la kuondoka.